Askari Nyati

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wengi waujua wimbo "Buffalo Soldier" wa Bob Marley, na wengi huuimba kama wimbo wa kuusifu uaskari. Sisi twauona kuwa ni wa masikitiko kwanza. Sifa zimo, lakini kwa kadiri.

Marley aliutunga pamoja na Noel Williams, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Sporty. Ulitolewa mwaka 1983, hali Marley mwenyewe alikwisha kufariki Mei 1981. Wanaoimbwa humo ni askari weusi wa Marekani, ambao Bunge la nchi hiyo liliwaundia vikosi mwaka 1866, utumwa ukiwa umefutwa mwaka uliotangulia. Vikosi vya 9 na 10 vya wapanda farasi vilipelekwa magharibi kupigana na wenyeji wa asili, waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao. Husimuliwa kwamba wenyeji hao ndio waliowapa jina la nyati (naye ni nyati wa huko, mwenye manyoya mazito shingoni, si huyu wetu).

Marley amsimulia askari huyo kana kwamba ndiye aliyetekwa Afrika. Kwa tarehe sivyo: Marekani ilikwisha kukataza kuingiza watumwa tangu 1808, na askari hao karibu wote walizaliwa huko huko. Mtungaji ameufanya ukoo mzima kuwa mtu mmoja, na hapo ndipo uchungu ulipo: mjukuu wa aliyeporwa kwao apewa bunduki akampore mwingine.

Nasi hatuko mbali na habari hiyo. Mtu akisimama Kiriri huuona mji wa Bujumbura chini yake hadi ziwani, walikojenga Wajerumani boma lao la Usumbura mwaka 1897. Bunduki za Wajerumani hao zilishikwa na Waafrika walioandikwa nchi nyingine, na ndio waliopelekwa kumpiga Mwami Mwezi Gisabo hata akayakubali masharti ya Kiganda mwaka 1903. Wabelgiji walipouteka mji huu mwaka 1916, askari wao nao walikuwa Waafrika, kutoka Kongo. Waliolengana walikuwa ndugu. Bendera zilikuwa za Ulaya.

Hatusemi kwamba watu hao walikosa ushujaa. Marley naye hawatukani. Ushujaa wao autaja waziwazi, ila hauachi upite bila kuulizwa ulitumika kwa faida ya nani. Swali hilo halimo katika kiitikio, ambacho ndicho kipendwacho kambini. Limo katika beti, na beti hizo wengi huzipita wakisubiri kiitikio kirudi.