Moyo kuruka siyo presha, mshikaji!

Wiki hii tuongee habari za moyo. Ule wa mapenzi tumeshaujadili sana, leo ni zamu ya huu wa nyama ulioko kifuani.

Mjini hapa kila mtu ana presha. Mwenye nyumba akigonga mlango, presha. Timu ikifungwa dakika za lala salama, presha. Mtu akisikia moyo unaruka-ruka saa nane za usiku, anajua kwisha kazi, presha imepanda!

Sikiliza mwanangu, hivyo ni vitu viwili. Presha ni msukumo wa damu kwenye kuta za mishipa, na mara nyingi husikii chochote. Mtu anatembea na 170 kwa 100, anacheza muziki mpaka majogoo, hana habari. Kumbe figo zinaumia na kiharusi kinamnyemelea.

Na kule kuruka je? Mara nyingi ni pigo moja lililowahi zamu yake. Moyo unatulia kidogo, halafu pigo linalofuata linakuja kwa nguvu, we unahisi kama umepigwa ngumi kwa ndani. Hata wenye afya zao huwapata. Vichochezi ni kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, sigara, mirungi, pombe, kukesha na mawazo. Homa na upungufu wa damu navyo huukimbiza moyo, hivyo hali ikizidi, kapime.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Ukikuta hayana mpangilio kabisa, nenda hospitali ukapimwe umeme wa moyo. Ipo aina ya mapigo hayo inayofanya damu igande ndani ya moyo, na bonge likipanda kichwani, ni kiharusi.

Tuje kwenye namba. Umebanwa kwenye daladala, umeshuka mbio, ukapimwa kando ya barabara jasho linakutoka, ukaambiwa 150 kwa 95. Usianze kuandika wosia! Presha hupanda na kushuka mchana kutwa, na wengine huwapanda wakiona koti jeupe la daktari tu.

Pima hivi. Nusu saa kabla, usivute wala kunywa kahawa. Kakojoe kwanza. Kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu chini, usikunje nne. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo, na stori weka pembeni. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, kwa siku mbili tofauti, hapo ndipo tunazungumzia ugonjwa. Na wewe dada mwenye 100 kwa 60, kama husikii kizunguzungu wala huchoki ovyo, tulia, mara nyingi ndivyo ulivyo.

Tafadhali, usimeze vidonge vya shangazi eti kwa kuwa moyo umeruka. Dawa yake ameandikiwa yeye, wewe inaweza kukuangusha. Na aliyeandikiwa asiache kwa sababu anajisikia fiti. Kujisikia fiti si kipimo, tumeshaona presha haipigi hodi.

Ila moyo ukienda ovyo ukazimia, kifua kikabana au pumzi zikakata, au mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea na maneno hayatoki, hapo hakuna cha kusubiri kesho. Tafuta usafiri, hospitali moja kwa moja, iwe mashine inasoma 180 kwa 120 au inasoma vizuri.

Haya, punguza chumvi, lala mapema. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!