Jicho la mbwa mdogo halingoji kesho

Watoto huwapenda mbwa wadogo wa ndani kwa yale macho yao makubwa. Lakini macho hayo hayo ndiyo udhaifu wao. Shih Tzu, Pug na Pekingese wana uso bapa na tundu la jicho lisilo na kina, hivyo jicho hutokeza nje. Likiguswa na vumbi, nywele za puani au ukucha wa paka, konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, huchubuka na kufanya kidonda.

Nyumbani kwetu kosa lilikuwa langu. Shih Tzu wa binti yangu aliamka amefumba jicho moja, machozi yakimtoka. Nikamtia tone la dawa niliyowahi kuandikiwa mimi kwa ajili ya mzio. Jioni jicho likawa na ukungu, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alisoma ile chupa, akatikisa kichwa: ilikuwa na deksamethasoni. Dawa hiyo huondoa wekundu, lakini huchelewesha kidonda kupona, na konea inaweza kutoboka. Alipotia rangi ya kupimia, palipochubuka pakang'aa kijani. Tulikuwa na bahati, jicho lilipona.

Basi mzazi mwenzangu, shika haya. Mbwa anayefumba jicho, anayelisugua au kukwepa mwanga ana maumivu. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Matongotongo mazito yanayorudi kila siku huenda ni ukavu wa jicho. Daktari hupima kwa kikaratasi ambacho machozi ya mbwa mzima hulowesha milimita 15 au zaidi kwa dakika moja. Weupe ndani ya mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho.

Kila asubuhi mfute kwa pamba safi na maji ya uvuguvugu. Unapotembea naye, mfunge mkanda wa kifuani, si wa shingoni, kwani kuvutwa shingo kunaweza kuchomoa jicho. Likichomoka, usijaribu kulirudisha. Lifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, umkimbize kwa daktari.

Siku hizi binti yangu humkagua macho kabla ya kwenda shule. Ile chupa niliitupa mwenyewe, yeye akiniangalia.