Gharama ya dawa za moyo kwa mwezi: tupige hesabu upya



Muulize Mswahili anayeishi England dawa zake za moyo zinamgharimu kiasi gani kwa mwezi, atakutajia pauni 9.90. Hiyo ni bei iliyoanza Mei 2024, na ni ya dawa MOJA katika cheti cha daktari. Je, mgonjwa wa moyo ana dawa moja? Aliyepata shambulio la moyo mara nyingi hutoka hospitali na aspirini, bisoprololi, ramiprili na atorvastatini, na kila moja inalipiwa peke yake. Hapo tayari ni pauni 39.60.

Halafu kuna suala la siku. Madaktari wengi huandika dawa za siku 28, na siku 28 zinaingia mara 13 kwa mwaka, si mara 12. Zidisha: pauni 514.80 kwa mwaka, yaani 42.90 kwa mwezi. Kumbe NHS hao hao wanauza cheti cha kulipia kabla, pauni 114.50 kwa mwaka mzima, kwa dawa zote utakazoandikiwa hata zikiwa kumi. Ni kama pauni 9.54 kwa mwezi, na unaweza kulipa kidogo kidogo kupitia benki. Wangapi katika jamii yetu wanakijua? Watu wanaruka vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, na bisoprololi ni dawa ambayo kuikatisha ghafla kunaweza kuudhuru moyo wenyewe. (Waliotimiza miaka 60 hawalipi kitu, hii haiwahusu.)

Sasa siasa yake. Orodha ya maradhi yanayosamehewa malipo haya ilitungwa mwaka 1968. Kifafa kimo, kisukari kinachotibiwa kwa dawa kimo, saratani iliongezwa 2009. Ugonjwa wa moyo haumo! Wales walifuta malipo kwa watu wote 2007, Ireland ya Kaskazini 2010, Scotland 2011. Kwa hiyo Mzanzibari wa Cardiff halipi, na nduguye wa London mwenye maradhi yaleyale analipa. Sisi tunajaza kumbi kujadili uchaguzi wa nyumbani, lakini kumwandikia mbunge wa hapa juu ya orodha hii, nani ameandika?

Na tunapotuma fedha nyumbani tunakosea vilevile. Chukua kijana aliyewekewa valvu ya chuma. Atameza warfarini maisha yake yote. Kidonge chenyewe ni rahisi, kwa hiyo tunatuma fedha ya kidonge tukidhani tumemaliza. Lakini warfarini haitumiki bila kupima damu mara kwa mara: ikizidi mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda kwenye valvu. Anayeishi mbali na maabara ana nauli ya kwenda na kurudi, pengine na kibarua cha siku nzima kilichopotea. Basi usiulize dawa shilingi ngapi tu. Uliza kipimo shilingi ngapi, anapimwa wapi, mara ngapi kwa mwezi, ndipo ujumlishe na utume. Na wanaopanga vifurushi vya bima ya afya huko nyumbani nao waulizwe hadharani: kipimo hicho kimo, au mmeweka kidonge peke yake?