Usiikimbie Sindano ya Uvimbe

Ukishuka matatu penye steji ya Njiru, kando ya barabara ya Kangundo, utawaona wanunuzi wakibonyeza maparachichi kwa kidole gumba. Hakuna anayelipasua kwanza. Ugumu wa tunda humweleza mnunuzi hali ya ndani.

Wanasayansi nao wameipa sindano ujuzi kama huo. Mwaka 2018, John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wenzake walitangaza kidude chembamba mno kinachobandikwa kwenye sindano ya kawaida ya kutoa kipande cha nyama katika uvimbe. Sehemu moja ya kidude hicho hutikisika kidogo inapopata umeme. Nyingine huupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme tena. Hapo daktari hujua papo hapo kama ncha imo katika nyama laini au ngumu. Walikijaribu kwa maini ya binadamu yenye saratani.

Faida yake ni ipi? Hata daktari hodari, akiongozwa na picha za mashine, huweza kuukosa uvimbe mdogo. Mgonjwa hurudi kudungwa tena, nauli juu ya nauli, na siku zinayoyoma.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, si kila kigumu ni saratani. Kipande hicho bado sharti kipelekwe maabara kikatazamwe kwa darubini. Wala usikae nyumbani ukiingoja sindano hiyo mpya. Ile ya kawaida inatosha kuokoa maisha, mradi usiikimbie.

Kwa maana mitaani kuna uvumi kwamba uvimbe ukidungwa, saratani hutawanyika mwilini. Kwa ajili ya uvumi huo, mama huficha uvimbe wa titi hadi unapokuwa kidonda. Ukweli ni kwamba sindano kutawanya saratani ni jambo la nadra mno. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi ya kuenea. Mwaka 2020 pekee, ilikadiriwa kuwa Wakenya 42,116 walipatikana na saratani, na 27,092 wakafa kwayo.

Basi ukipapasa uvimbe leo, kesho nenda zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ukidungwa, uliza majibu yatatoka lini. Iandike tarehe hiyo, mweleze mtu wa nyumbani, na ikifika, rudi ukayachukue.