Chemshabongo hupima akili au Kiingereza?

Mwaka 2008, katika hoteli moja ya chai na chapati kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela, nilikuwa na mazoea ya kuketi na majirani kutazama mashindano ya chemshabongo ya vyuo vikuu vya Afrika kwenye runinga. Mashindano hayo yalikuwa yameanza mwaka 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, na kampuni ya simu iliyoyadhamini ilipobadili jina, nayo yakageuka kuwa Zain Africa Challenge. Muuliza maswali alikuwa John Sibi-Okumu, mwalimu na mwigizaji ambaye sauti yake Wakenya wengi tunaitambua hata tukiwa tumefumba macho.

Pale hotelini palikuwa na kijana aliyeuza dawa za mifugo duka la pili, ambaye alijitwika jukumu la kuwafasiria wazee. Swali likisomwa, naye hulirudia kwa Kiswahili. Na kabla hajalimaliza, huko kwenye runinga kengele imekwisha kulia, jibu limetolewa na alama zimehesabiwa. Mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe alijibu baada ya kengele, na mara nyingi alijibu sawa, hasa yalipokuja maswali ya wanyama na ya siasa za Afrika. "Huyo Mzungu ana haraka," alikuwa akisema, ingawa hapakuwa na Mzungu yeyote pale jukwaani. Tulicheka sote, naye akicheka pamoja nasi.

Mashindano yale hayapo tena. Zain iliuza biashara zake nyingi za Afrika kwa Bharti Airtel ya India mwaka 2010. Lakini picha yaliyotuachia ya mtu mwenye akili ingali nasi: kijana aliyevaa tai, kidole juu ya kitufe, akikata swali katikati kwa jibu la neno moja la Kiingereza. Picha hiyo ndiyo ninayotaka kuijadili, maana watoto wetu wanajipimia kwayo.

Kwanza tujue ilikotoka. Mtindo wa mashindano yale ulichukuliwa kutoka College Bowl ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1953, na ambayo pia ndiyo mama wa University Challenge iliyoanza kuonyeshwa kwenye runinga ya Uingereza mwaka 1962. Kuna swali la kugombaniwa, ambalo ni la atakayebonyeza kwanza, kisha maswali ya ziada kwa timu iliyolipata. Mbunifu wake aliwakusudia vijana waliozaliwa na kulelewa katika lugha moja, na ambao tofauti yao ilikuwa ni nani amesoma zaidi. Mtindo huo ulipoletwa kwetu, lugha haikuwa tena uwanja sawa. Celtel ilifanya biashara hata Kongo, Gabon, Niger na Chad, lakini vyuo vya huko, ambako Kifaransa ndicho lugha ya masomo, havikuitwa. Waandalizi walijua vyema kwamba mtu hawezi kushindana kwa sekunde katika lugha asiyoimiliki. Hawakuendelea tu kujiuliza ni wangapi kati ya wale walioitwa walioimiliki kwa kiwango kimoja. Walikuwapo Watanzania waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, wakaingia Kiingereza sekondari, wakapambana na Wanigeria waliokianza mapema zaidi.

Naomba nieleweke kama mwanaisimu. Anayebonyeza kengele kabla ya swali kwisha hajui jibu tu. Amekisia mwisho wa sentensi. Kukisia huko ni umilisi wa lugha, hasa mpangilio wake wa maneno. Kiingereza hutanguliza neno la kuuliza na aghalabu huchelewesha kiini cha swali. Kiswahili hufanya kinyume: "Mji mkuu wa Malawi ni upi?" Neno "Malawi" limetamkwa mapema, na kiulizi kimekuja mkiani. Chemshabongo ya Kiswahili ingekuwa basi na mbio za namna nyingine, na pengine mitego ya namna nyingine pia, kwani aliyeruka kusema Lilongwe angeweza kukuta swali linaendelea kudai mwaka mji huo ulipopewa hadhi hiyo. Kimaa nacho huanza sentensi kwa kitenzi, na hutofautisha mtenda na mtendwa kwa toni. Mtoto wa Kimaasai anayesikiliza swali la Kiingereza anavuka mito miwili kwa wakati mmoja.

Likizo ya Desemba iliyopita nilifanya mchezo, wala siuiti utafiti. Niliwakusanya watoto wa mtaa wetu hapa Kitengela, pamoja na mvulana mmoja aliyekuja kumtembelea shangazi yake kutoka upande wa Kajiado mjini. Kengele yetu ilikuwa kijiko na kifuniko cha sufuria. Maswali ya Kiingereza yaliwaendea watoto wa mtaa karibu yote; mgeni alikaa kama asiyekuwapo. Tulipogeuza kwenda Kiswahili, alianza kugonga: maziwa, milima, marais wa kwanza, wanyama. Sikusema alishinda. Tulipofika sayansi, wote walinyamaza. Hakuna aliyejua usanisinuru ni nini, ingawa kila mmoja alikuwa ameusoma kwa Kiingereza. Kipenyo kilimtatiza hata msichana anayeongoza hesabu darasani mwake. Hapo ndipo wapenzi wa Kiswahili, nami nikiwamo, tunapopaswa kuwa waaminifu. Kenya ilikifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, lakini haikukifanya lugha ya kusomea masomo mengine. Kutafsiri maswali peke yake kungewahamisha watoto kutoka shimo moja hadi jingine.

Mwisho wa mchezo mgeni aliomba aulize swali lake. "Mwalimu, hawa waseme Kajiado maana yake nini." Kifuniko hakikuguswa. Akawaambia ni Ol-keju-ado, mto mrefu. Watoto wamezaliwa ndani ya kaunti hiyo, na hakuna kitabu chao kilichowahi kuwauliza.

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kaunti ya Kajiado kuwa na watu 1,117,840, na Kitengela pekee watu 154,436, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka kila pembe ya nchi. Sera ya elimu inataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo: Kiswahili katika mji kama huu, Kimaa huko mashambani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakiweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaidai Serikali ilinde lugha za jamii. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na Mtaala wa Umilisi unahubiri kwamba mtoto apimwe kwa awezalo kulifanya, si kwa kasi ya kukumbuka. Hata hivyo, shule ikitaka kujivunia mbele ya wazazi, bado huwapanga watoto wanne mezani na kuwasomea maswali ya Kiingereza mbiombio.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba dunia ni ya Kiingereza na mtoto lazima akizoee. Sikatai akizoee. Ninalokataa ni kumhukumu ujinga kwa kosa la kuchelewa nukta mbili.

Kaunti ikitaka kuandaa chemshabongo ya shule zake, marekebisho si makubwa. Swali liandikwe kwenye kioo kwa Kiingereza na Kiswahili huku likisomwa; kengele ifungwe mpaka swali liishe, kisha zihesabiwe sekunde tano kabla ya kufunguliwa; na timu iruhusiwe kujibu kwa Kiingereza, Kiswahili au Kimaa, pakiwa na mwamuzi anayezijua zote tatu. Waamuzi wa namna hiyo hawakosekani Isinya wala Kajiado. Wengi wao wanafundisha darasa la kwanza.