Kopi ya data kwenye seva ya majaribio: Kwa nini Kigoma inahusika

Ukilipia maji Ujiji, ukitibiwa hospitali au ukisajili laini ya simu pale Mwanga, jina na namba yako vinaingia kwenye kanzidata. Kwenye taasisi nyingi duniani, kanzidata kama hiyo huwa na pacha wake.

Pacha huyo hukaa kwenye seva ya majaribio, ambako watengenezaji wa programu hujaribu mabadiliko kabla hayajafika kwenye mfumo unaohudumia watu. Kumpata si kazi: skripti ya mistari michache inapangiwa muda wa usiku, asubuhi kopi mpya iko tayari.

Hakuna aliyeiba kitu. Ila majina ni yale yale, na seva ya majaribio ndiyo mara nyingi yenye kufuli legevu. Nywila moja inatumiwa na watu sita, mkandarasi wa nje naye anayo, na kopi nyingine inaishia kwenye laptopu ya mtu nyumbani.

Kuzuia kopi kabisa si jibu. Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe anafuta kanzidata kuu. Aliposhtuka, kati ya takribani GB 300 zilibaki GB 4.5. Bakapu za kawaida zilikuwa zimefeli kimyakimya. Kilichowaokoa ni kopi iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya seva ya majaribio.

Kwa hiyo kopi ina faida. Swali ni imebeba nini.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumike nje ya hapo. Mama aliyetoa namba yake apate bili hakuitoa ili kijana wa programu ajaribie kitufe kipya.

Kwa Kigoma jambo hili ni zito zaidi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta iliyoko Kibondo imepokea Warundi. Orodha ya wakimbizi inabeba majina, wanafamilia na mahali mtu alikotoka. Kwa aliyekimbia watu wanaomtafuta, mstari mmoja wa orodha hiyo ukivuja si usumbufu tu, ni hatari.

Na data za aina hii zina watu wanaozitaka. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kudukuliwa kwa taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na ndugu zao kwa vita. Ile haikuwa kopi ya majaribio, lakini kila kopi inayoongezwa ni mlango mwingine wa kulinda.

Dawa iko ndani ya skripti yenyewe

Data ifunikwe kabla ya kutoka kwenye mfumo halisi, si baada ya kufika. Ukiacha kazi hiyo kwa mtu akumbuke kesho yake, siku atakayosahau ndiyo siku yenyewe.

Kufunika si kufuta tu. Jina linabadilishwa kwa jina la kubuni, namba ya simu ibaki na tarakimu 10, kata iachwe kama kata bado zina watu wengi. Mtu mmoja apewe jina lile lile la kubuni kwenye kila jedwali, la sivyo bili haitampata mwenye mita na majaribio hayatakuwa na maana.

Namba halisi zikibaki, kuna balaa jingine: jaribio la ujumbe wa deni linatua kweli kwenye simu ya mvuvi wa Kibirizi asiyedaiwa hata senti.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ile ya "maelezo". Jina limeshafunikwa vizuri, lakini karani aliandika humo kwamba mteja ni mjane, anaishi nyuma ya msikiti fulani, na mwanawe anaumwa. Safu hiyo skripti iiache tupu.