Mdhamini si Mthamini: Vitate Vifundishwe Upya

Mthamini hukagua shamba, akataja bei yake, akapokea ujira na kwenda zake. Mdhamini hutia sahihi kwenye mkataba wa mkopo, na mkopaji akishindwa kulipa, deni humwangukia yeye. Katika maandishi, wawili hawa hutenganishwa na herufi moja tu. Mfasiri wa mkataba anayeikosea herufi hiyo hajakosea tahajia tu, bali amemtwika mtu mzigo usio wake.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 ikifanye Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, kazi za aina hii zinawahusu moja kwa moja wahitimu wa Kiswahili. Je, wameandaliwaje? Aghalabu vitate hufunzwa shuleni kama orodha ya jozi za kukariri: zuru na dhuru, fahari na fahali, dhana na zana. Mwanafunzi hutunga sentensi ya kubainisha tofauti, akapata alama zake, na mambo yakaishia hapo. Akikumbana na jozi isiyokuwemo katika orodha, hana pa kushika.

Wapo wanaoitupia lawama lugha ya kwanza. Ni kweli kwamba Kikuyu hakitofautishi r na l, na kwamba Kijaluo hakina sauti sh. Hata hivyo, kumcheka mwanafunzi kwa lafudhi yake hakumfunzi neno. Humfunza kunyamaza darasani. Isitoshe, hata anayetamka barabara huweza kukosea anapoandika. Programu ya kompyuta inayolinganisha maneno na kamusi nayo haitamwonya, kwa kuwa yote mawili yamo kamusini.

Dawa iliyo karibu ni unyambuaji. Neno huwa na jamaa zake, na jamaa hao ndio mashahidi wake. Dhamini huandamana na dhamana na udhamini. Thamini huandamana na thamani na tathmini. Zuru ina ziara, dhuru ina madhara. Azimia huzaa azimio, kama lile Azimio la Arusha la mwaka 1967. Adhimisha huzaa maadhimisho. Ndiyo maana mkutano huazimia jambo, ilhali sikukuu huadhimishwa. Asili pia ni msaada: mengi ya maneno haya yalikopwa kutoka Kiarabu, lugha ambayo sauti th, dh na z ndani yake hutofautisha mizizi ya maneno. Tofauti hizo si pambo la matamshi.

Bila shaka njia hii haitoshelezi kila jozi. Mahali na mahari hazina ukoo mpana wa kuzitolea ushahidi. Hapo hapana budi kurejelea sikio: kusoma kwa sauti, kusikiliza, na kusahihishana bila kejeli.

Mtihani nao ubadilike. Badala ya kudai sentensi mbili zisizo na muktadha, mtahiniwa apewe tangazo au kifungu cha mkataba chenye makosa, ayasahihishe na kuutetea uamuzi wake kwa kutaja jamaa za kila neno. Wahadhiri wanaowaandaa walimu wa kesho wanaweza kuanza na hilo muhula huu.

Samaki mkunje angali mbichi. Kosa lisiloondolewa darasani huenda likaja kuondolewa mahakamani, na huko gharama yake haihesabiwi kwa alama.